Brashi ya umeme ya kuoshea uso: dalili unazoziona na kosa lilipo

Nina saluni ndogo Kijenge, hapa Arusha, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuosha nyuso za watu. Miaka hii ya karibuni wateja wameanza kuja na kitu mkobani: brashi ya umeme ya kuoshea uso, mara nyingine bado iko kwenye boksi lake, na maneno ni yaleyale: "Dada, hii kitu imenibabua." Wengine wameinunua Barabara ya Sokoine, wengine wameagiza Kariakoo ikaja na basi, wengine wameletewa zawadi na ndugu aliyeko nje. Nimeshika nyingi, nimezitumia usoni pangu, na nimekaa na watu wiki baada ya wiki mpaka uso ukarudi. Ninaandika kwa utaratibu ninaoufuata kazini: naanza na dalili, natafuta chanzo, ndipo naongelea brashi inayofaa. Mara nyingine jibu ni kwamba hakuna inayofaa.

Jambo moja litangulie, kwa sababu ndilo linalonifanya niwe mkali kwa wateja wangu. Ngozi nyeusi ikiumizwa, hata kwa kusuguliwa tu, hujibu kwa kutengeneza rangi zaidi pale palipoumia. Mtu mweupe akisugua shavu kupita kiasi atakuwa mwekundu siku mbili tatu, basi. Sisi tunabaki na doa. Maelezo mengi yanayokuja ndani ya maboksi haya yameandikwa kwa kumfikiria yule wa kwanza. Tena wekundu kwetu hauonekani vizuri, kwa hiyo usiungoje uwe onyo lako. Onyo lako ni joto, kuchonyota, kuwasha, au sehemu kuonekana nyeusi zaidi, kama zambarau, ukijiangalia kwenye mwanga wa dirishani.

Brashi uliyonayo ni ya namna gani?

Zilizoko madukani ni za namna tatu. Ya kwanza inazunguka duara zima, kama mashine ya fundi ya kukatia vyuma. Ndiyo ya bei nafuu, na huja na vichwa vinne au vitano, kimojawapo jiwe la kusugulia miguu. Jiwe hilo lisikaribie uso, hata kama picha kwenye boksi inaonyesha msichana anatabasamu. Ya pili haizunguki. Kichwa chake kinatikisika kushoto na kulia kwa hatua ndogo sana, mamia ya mara kwa sekunde. Ufundi huo ulitoka kwenye miswaki: baadhi ya watu waliotengeneza mswaki wa umeme wa Sonicare ndio walioleta Clarisonic sokoni mwaka 2004. Ya tatu haina nyuzi kabisa. Ni silikoni yenye vidole vidogo laini vinavyotetema, na kampuni ya Foreo ya Sweden ndiyo iliyoipa umaarufu kwa Luna yake kuanzia 2013.

Kisha pima ngozi. Osha uso kwa mikono, kausha kwa kubonyeza taulo, usipake kitu chochote, kaa saa moja. Chukua karatasi ya tishu, ibandike paji la uso, pua, kidevu na kila shavu. Ikitoka na mafuta kila mahali, una ngozi ya mafuta. Ikitoka na mafuta paji, pua na kidevu tu, ni mchanganyiko, na wateja wangu wengi wako hapa. Isipotoka na kitu na uso unabana au umepauka, ni kavu. Kama ndani ya saa hiyo moja uso umewasha au umechonyota bila kuguswa, ngozi yako ni nyepesi kuumia, haidhuru ina mafuta au ni kavu.

Fanya kipimo hiki upya msimu ukibadilika. Mtu mwenye ngozi ya mafuta Moshi mwezi wa pili, kwenye lile joto, anaweza kuwa na ngozi kavu akihamia Arusha mwezi wa saba. Moshi mjini iko chini ya mita 1000 kutoka usawa wa bahari, Arusha iko kama mita 1400, na baridi ya kipupwe huku si mchezo.

Dalili: uso unabana na kuchonyota mara tu baada ya kuosha

Hii ndiyo ninayoletewa zaidi, hasa Juni hadi Agosti. Watu huilaumu brashi, lakini nikiwauliza waliosha vipi, nakuta vitu vitatu vimekutana.

Kwanza ni maji. Asubuhi ya baridi, maji yamechemshwa kwenye jiko, yanachanganywa kidogo tu na ya bomba, na mtu anayafurahia yanavyochoma. Maji ya moto huondoa mafuta ya asili ya ngozi upesi, na brashi ikipita juu yake inamalizia yaliyobaki. Maji yawe ya uvuguvugu tu. Yaguse kwa sehemu ya ndani ya kifundo cha mkono kama mama anavyopima ya mtoto.

Pili ni sabuni. Sabuni ya mche au ya kipande ina ukali wa alkali, pH yake huwa 9 hadi 10, wakati uso wenye afya uko karibu na 5. Kwa mikono unaweza usione tofauti kubwa. Kwa brashi inasukumwa kwenye kila kikunjo na kila kinyweleo. Brashi inahitaji sabuni ya uso ya maji, laini, isiyo na chembechembe. Skrabu ya kahawa au ya sukari pamoja na brashi ni kusugua mara mbili kwa wakati mmoja, na nimeona mashavu yaliyochubuka kwa jambo hilo.

Tatu ni muda. Dakika moja kwa uso mzima inatosha: sekunde 20 paji la uso, 20 pua na kidevu, 10 kila shavu. Wateja wengi nikiwaomba wanionyeshe wanavyofanya, wanapita dakika tatu bila kujua, na hurudia pale wanapopaona pachafu. Mashine nyingi nzuri hujizima zenyewe baada ya dakika moja. Ikijizima, usiiwashe tena.

Ukisharekebisha hayo matatu na uso bado unabana, basi ni brashi yenyewe au ni mara ngapi unaitumia. Ngozi kavu haihitaji ya kuzunguka kamwe. Inatosha silikoni kwa mtetemo wa chini, mara moja au mbili kwa wiki, jioni, na mafuta yapakwe uso ukiwa bado na unyevu.

Kuna watu wa upande wa Usa River, Maji ya Chai na Ngurdoto wanaoniuliza kama floraidi ya maji ndiyo inayokausha uso. Ni kweli maji ya chemchemi na visima vingi kuuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, na ndiyo iliyowapa watu meno ya kahawia kwa kuyanywa tangu utotoni. Lakini kwa uso unaobana sijapata bado mteja ambaye hakupona kwa kurekebisha joto la maji, sabuni na muda. Tatizo la maji ninaloliona mimi ni uchache. Bomba limekata, mtu anasuuza kwa kikombe kimoja kutoka kwenye ndoo, povu linabaki pembeni mwa masikio, chini ya taya na kwenye mstari wa nywele. Baada ya wiki, vipele hujipanga hapohapo kwenye mstari. Kama hujapata jagi zima la kusuuzia, siku hiyo usitumie brashi.

Dalili: mikwaruzo midogo, au uso kama umepigwa msasa

Paka sabuni, zima mashine, pitisha brashi taratibu nyuma ya kiganja. Ikikuchoma hapo, itafanya nini shavuni? Nyuzi nzuri zina ncha zilizolainishwa kuwa mviringo, na nyuzi za hovyo zimekatwa tu, ncha zimebaki kali kama majani ya mahindi. Kwa macho hutaona, lakini kamera ya simu ukiivuta karibu kwenye mwanga mzuri inaonyesha tofauti. Nafanya hivyo dukani kabla ya kulipa, na muuzaji mwenye mali nzuri hajawahi kunikatalia.

Chanzo cha pili ni vumbi letu. Mtu ametoka Ngaramtoni au Mirerani kwa bodaboda wakati wa kiangazi, uso una vumbi la udongo wa volkano, ambalo ukilisugua kati ya vidole unasikia chembe. Anapaka sabuni juu ya vumbi hilo na kuwasha brashi. Nyuzi zinashika zile chembe na kuziburuza usoni. Hapo brashi haina kosa. Suuza uso kwa maji mengi kwanza, pitisha sabuni kwa mkono, suuza tena, ndipo brashi. Ni hatua ya nusu dakika, na ninaihubiri kuliko nyingine zote kwa sababu sijaiona imeandikwa kwenye karatasi ya maelekezo yoyote.

Cha tatu ni kukandamiza. Mashine ikipunguza sauti au kusita unapoigusisha uso, umeikandamiza sana. Nyuzi ziguse ngozi kwa ncha tu. Zikipinda zikalala, unasugua kwa ubavu wa nyuzi na hakuna kinachosafishwa.

Dalili: madoa meusi mashavuni au juu ya mfupa wa shavu

Haya huja kimyakimya. Mteja hakuumia, hakuona kipele, ila baada ya mwezi na nusu picha za send-off zinaonyesha vivuli viwili mashavuni. Angalia yalipokaa. Kama ni pale mfupa wa shavu unapojitokeza, kwenye taya na katikati ya paji, yaani mahali ambapo mfupa uko karibu na brashi inagonga kwa nguvu, chanzo ni msuguano. Kama yametawanyika pale palipokuwa na chunusi, ni alama za chunusi ambazo brashi imezikoleza.

Acha brashi. Namaanisha iwekwe kabatini. Osha kwa vidole tu. Hata Chama cha Madaktari wa Ngozi cha Marekani kinawashauri watu kuosha uso kwa ncha za vidole, kwa hiyo hujarudi nyuma. Paka losheni ya kuzuia jua kila asubuhi, kwa sababu mwanga wa jua huyakoleza madoa haya, na sisi tunaoishi juu tunapata mionzi mingi zaidi: kila ukipanda mita 1000 mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa kama asilimia 10. Baridi na mawingu ya Arusha yanadanganya. Mionzi inapita.

Halafu subiri. Madoa ya namna hii huondoka kwa miezi, si kwa wiki, na haraka ya kuyaondoa ndiyo inayowapeleka watu kwenye mkorogo. Nimewaona walioanza na doa la brashi wakaishia na uso mzima ulioharibika kwa krimu. Inaniuma kila mara, kwa sababu doa la kwanza lingeisha lenyewe.

Madoa yakishaisha kabisa, kama bado unaitaka brashi, chagua ya silikoni, mara moja kwa wiki, na usipite juu ya mfupa wa shavu.

Dalili: vipele vipya baada ya kuanza brashi

Utaambiwa na muuzaji kwamba "uchafu unatoka, vumilia". Usivumilie. Dawa fulani za chunusi, kama tretinoini, zinaweza kuzidisha chunusi wiki za mwanzo kabla ya kuzipunguza. Brashi haina dawa ndani yake. Vipele vikija, tafuta chanzo kwa kuangalia viko wapi.

Vikiwa kwenye mstari wa nywele na pembezoni mwa paji: uliza nywele kabla ya kuuliza brashi. Mafuta mazito ya kusukia, jeli ya kulazia nywele, kofia ya kulalia iliyolowa mafuta wiki nzima. Mteja mmoja wa mtaa wa Sakina alibadilisha brashi mara mbili, kumbe rasta zake zilikuwa zinapakwa mafuta kila jioni na yanashuka usingizini. Tuliacha mafuta mwezi mmoja, paji likasafika.

Vikiwa vidogo, vya ukubwa mmoja, vimejaa paji na vinawasha: huenda ni fangasi wanaoishi kwenye vinyweleo, ambao hupenda jasho na mafuta. Moshi naviona zaidi kuliko Arusha. Brashi haiviondoi, na dawa za kawaida za chunusi haziviondoi. Vinataka dawa ya fangasi, na mtaalamu wa kuthibitisha kwanza.

Vikiwa mashavuni na kidevuni, vikubwa, vina usaha na vinauma: hizo ni chunusi zenye uvimbe, na brashi ya aina yoyote ni marufuku juu yake. Inapasua, inasambaza, inaacha kovu. Mwenye historia ya makovu yanayovimba, keloidi, asijaribu hata siku moja.

Kama vipele viko kila mahali bila mpangilio, nusa brashi. Ninasema kweli, inuse. Kichwa cha nyuzi kinachokaa bafuni na kifuniko chake, wakati wa masika ambapo hata taulo halikauki, kinaota. Ukishasikia harufu ya uvundo, kitupe. Kingine kisikae na kifuniko: kioshe kwa sabuni kila baada ya kutumia, kikung'ute, kiegemeze kikitazama chini karibu na dirisha penye hewa. Mara moja kwa wiki kichovye kwenye spiriti ya dukani, kisha kisuuze. Kila miezi mitatu weka kipya. Silikoni ni rahisi zaidi kwa sababu haina matundu ya kufyonza maji: sabuni na maji vinatosha, na usitumie spiriti juu yake.

Na brashi haiazimwi. Dada na mdogo wake, mama na binti, wanaharusi wanaojiandaa chumba kimoja, hapana. Chunjua zinahama kwa njia hiyo, na vidonda vya homa mdomoni vilevile.

Dalili: siku mbili tu za brashi, uso mzima umebabuka

Uso uliokaa sawa miaka yote haubabuki kwa siku mbili za brashi laini. Hapa ninafunga mlango wa saluni na kuuliza taratibu: unapaka nini? Mara nyingi jibu linachelewa kuja, na mimi sihukumu. Krimu za kung'arisha zenye steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba mpaka mishipa inaonekana. Zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, lakini bado zinauzwa chini ya meza, na zile za kuchanganywa kwenye vikopo visivyo na lebo hakuna anayejua zina nini. Ngozi ya namna hiyo ikiguswa na nyuzi inapasuka kama karatasi iliyolowa.

Usitumie brashi, na usiache krimu ya steroidi ghafla peke yako baada ya kuitumia miezi mingi, kwa sababu uso unaweza kulipuka vibaya zaidi. Nenda kwa daktari wa ngozi umwambie ukweli wote.

Chanzo kingine cha dalili hii hakina aibu yoyote: dawa za chunusi. Ukiwa unatumia tretinoini, adapaleni au benzoili peroksidi, dawa yenyewe tayari inaichubua ngozi taratibu. Chagua kimoja, dawa au brashi. Ningekuwa mimi, ningechagua dawa.

Dalili: hakuna kinachobadilika

Umetumia mwezi, uso uko vilevile, vichunusi vyeusi vya puani bado vipo. Kama unaosha make-up ya harusini kwa brashi moja kwa moja, unasambaza tu. Fondesheni nzito hutolewa kwanza kwa mafuta na pamba, kisha sabuni, ndipo brashi. Vivyo hivyo kwa anayelala na mafuta ya mgando: yayeyushe kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kwa mkono.

Vidoti vya puani kwa watu wengi ni mafuta ya kawaida ya vinyweleo, hurudi baada ya siku chache hata ukivikamua, na brashi haibadilishi ukubwa wa kinyweleo. Mwenye ngozi ya mafuta isiyo na chunusi zenye uvimbe ndiye hasa anayefaidika na mashine hizi. Kwake brashi ya kutikisika yenye nyuzi laini, mara tatu au nne kwa wiki, jioni, ni chaguo zuri. Mwenye mchanganyiko aipitishe paji, pua na kidevu tu, mashavu aoshe kwa mkono. Hakuna sheria inayosema lazima izunguke uso mzima.

Dalili: kaka ananyoa, vipele vya ndevu vimezidi

Usipitishe brashi siku ya kunyoa wala siku inayofuata. Ngozi ina michubuko usiyoiona. Jioni kabla ya kwenda kinyozi ndiyo nafasi yake: brashi laini, mizunguko mepesi shingoni na kidevuni, inasaidia kuinua nywele zinazojikunja kuingia ndani. Vipele vyenye usaha vikiwepo, acha. Na kunyoa juujuu tu bila kufikia ngozi kutakusaidia kuliko mashine yoyote ya kuosha.

Dalili: mashine yenyewe ina matatizo

Haiwaki kabisa baada ya kuletwa kutoka Marekani: soma maandishi madogo kwenye chaja. Umeme wetu ni volti 230, wao wanatumia 120. Ikiandikwa 100–240V, ni salama. Ikiandikwa 120V tu na umeshaichomeka, pengine imeungua. Zinazochajiwa kwa waya wa USB hazina shida hii.

Haichaji: angalia vile vidoti vya chuma vya kuchajia. Sabuni hukauka juu yake ikawa utando. Futa kwa pamba yenye spiriti kidogo, kausha, jaribu tena.

Ilikufa baada ya kuingia kwenye beseni: tafuta alama ya IP kwenye boksi. IPX7 maana yake inavumilia kuzama mita moja kwa dakika 30. IPX4 inavumilia kurushiwa maji tu. "Haiingii maji" bila namba yoyote ni maneno ya muuzaji.

Silikoni imekuwa inanata au imeota matundu: imekutana na sabuni yenye silikoni, udongo wa kupaka usoni au skrabu. Hairekebishiki.

Hakuna vichwa vya kubadilisha: hili ulipaswa kuliuliza kabla ya kununua, na ninalisema kwa sababu limewagharimu watu wengi. Clarisonic, ambayo bado inaletwa kama zawadi na kuuzwa mtumba, ilinunuliwa na L'Oréal mwaka 2011 na ikafungwa Septemba 2020. Mashine inaweza kuwa nzima kabisa na vichwa vyake halisi havitengenezwi tena. Ukiwa dukani mwambie muuzaji akuonyeshe kichwa cha pili palepale. Hana? Mashine hiyo ina uhai wa miezi mitatu.

Wasioguswa na brashi, na pa kwenda

Mwenye pumu ya ngozi usoni, mwenye ukurutu unaotoa maji, mwenye choa, mwenye kidonda kisichopona, na mtu yeyote mwenye ualbino. Kwa wenzetu wenye ualbino ngozi tayari inabeba mzigo wa jua, hakuna sababu ya kuikwangua. Kwao fedha hiyo iende kwenye kofia pana na losheni ya jua. Wanaopakana na KCMC, hospitali kubwa ya rufaa ya Moshi, wanaifahamu Kilisun inayotengenezwa pale kwa ajili yao.

KCMC hiyohiyo ya Moshi ndiyo yenye RDTC, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoanza 1992 na kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kwa sisi wa Arusha ni safari ya saa mbili hivi kwa basi, na nimeshawapeleka wateja wawili mwenyewe. Nenda kama uso haujatulia wiki mbili baada ya kuacha brashi, kama kuna usaha au uvimbe unaosambaa, au kama doa linabadilika umbo.

Siku ya kwenda usipake kitu usoni. Weka kwenye mfuko kila unachotumia: sabuni, mafuta, krimu, pamoja na kile kikopo kisicho na lebo ulichokificha nyuma ya kabati, na brashi yenyewe na kichwa chake kama kilivyo, bila kukiosha. Daktari aliyempokea mteja wangu wa pili aliiona brashi, akapitisha kidole kwenye nyuzi, akamwuliza ameitumia na sabuni gani, na mengi yakawa yameshajibiwa kabla hajauinua uso wake kwenye mwanga.